Ulizo ya Saba

Lubumbashi, Kamalondo, tarehe 9 Februari 1975

Shangazi Sofia,

Pokea salamu yangu ya mikono mbili, hata kama mumoja iko na wino. Hapa nyumbani tuko wazima. Yaya Aruna, ule ndugu yangu mukubwa, alikohoa wiki tatu, sasa alipona na alirudilia sigara. Bati ya jikoni inavuja pahali pale pale. Fundi ule mwenye ulisema anakuja, angali anakuja. Sabuni imepotea mu mji wote. Kama ule dereva Chola anashuka tena huku na kamyo yake, umupe vipande mbili aniletee, na usimuambie ni sabuni, juu atainawia njiani.

Sasa habari yangu. Unakumbuka nilikuambia kama naandika thèse, na wewe ukauliza kama iko ya kula. Haiko ya kula, Shangazi, ni kitabu ya uchunguzi ya chuo kikuu. Niko nachunguza walimu wa kampusi yetu: nani anapanda cheo, nani anabakia chini, na juu ya nini. Nimehesabu. Tuko walimu makumi saba na mumoja. Bazungu makumi tatu na tatu, wenyeji makumi tatu na nane. Mu hao wote, banamuke tuko mbili. Mumoja njo Madame Brigitte, Mubelgiji. Alifika mwaka jana, wakamupa buro na feni. Wa pili njo mi, miaka sita sasa, na buro yangu ni kona ya magazini, mule wanaweka chaki. Juzi Madame Brigitte alipita pale akaniomba sukari. Aliwaza mi njo mwenye kupika chai.

Chapitre, ao sura, ya pili inasema juu ya rangi: Muzungu mwenye diploma moja na mwenyeji anapata mushahara mara tatu, na nyumba, na tikiti ya ndege ya kwenda kupumuzika kwao. Mukubwa wangu mu kazi, Citoyen Kunda (Citoyen njo "mwananchi", vile Chama kinataka tuitane), aliisoma akapiga meza na kiganja. Alisema, "Hii njo ukweli, citoyenne. Bantu wa Kinshasa wataipenda." Chapitre ya tatu inasema juu ya banamuke. Ile alinirudishia tu. Ilikuwa na duara ya glasi ya bia juu ya ukurasa wa kwanza, na kurasa zingine zilikuwa safi kabisa.

Wiki iliyopita tulikuwa na mukutano wa walimu. Unajua kazi yangu mule: naandika PV, ile karatasi ya kuweka maneno yote bantu wanasema. Miaka sita naiandika mi, juu balisema niko na mwandiko muzuri. Mama Ngosa analeta chai, mi naandika, banaume banaongea. Mwisho nikainua mukono, nikauliza cheo yangu inangojea nini tangu 1972. Citoyen Kunda akaniangalia sawa vile muti umesema. Akajibu, "Ile haikuwa mu programu. Usiiandike." Kwake, kintu chenye hakiko mu PV hakikusemwa hata siku moja, hata kama bantu kumi na tano balikisikia. Basi nikaweka kalamu chini. Ulizo ilikuwa yangu, na mi mwenyewe njo nilikataa kuiandika. Nilirudi nyumbani na hasira ya kuvunja sahani, lakini sahani ni zako.

Nimetuma maulizo kumi kwa kila mwalimu. Nakutumia na wewe, tucheke kidogo, juu wewe njo mwalimu wangu wa kwanza. Ulizo ya saba iko hivi: Nani alikufungulia mulango wa masomo, na kwa njia gani? Ujibu zote.

Mutoto wako,
Rabia

*

Mokambo, tarehe 2 Marsi 1975

Rabia mama yangu,

Karatasi yako ilifika na alama ya kidole ya Chola, mafuta ya gari mbele na nyuma. Mi niko muzima, goti tu. Soko iko muzuri, kapenta, ile samaki ndogo ya kukausha, inatoka Zambia inaingia Zaire, na bantu wa douane, wale wa forodha, banajifanya hawana pua. Sabuni mbili iko mu kifurushi. Nilimuambia Chola ni vitabu. Hatafungua.

Sasa maulizo yako. Ya kwanza unauliza kama niko mwanamuke ao mwanaume. Ulilala mu mugongo yangu miaka tatu, unaniuliza leo? Ya pili, rangi: ile jua ya Mokambo inataka. Ya tatu, miaka: iandike makumi ine na tisa, ginsi nilisemaka kwa mukarani wa serikali, na uache kucheka. Ya ine, diploma: niliachika mara mbili, na kila mara walinipa karatasi yenye tampon, muhuri ya serikali. Ya tano, nani mukubwa wangu mu kazi: mi mwenyewe, na siku niko na homa, hakuna. Ya sita, kama mwanaume alisha kunikataza kazi: alijaribu mumoja. Angalia jibu ya ine.

Ya saba, panya alikula ile kona ya karatasi.

Ya nane mpaka ya kumi sikuelewa, nikaandika ndiyo.

Lakini ule Citoyen Kunda wako, si njo Faustin? Mutoto wa ule mama mwenye aliuzishaka sombe, majani ya muhogo, karibu na kisima chetu? Nilimupanguza kamasi na kona ya kikwembe, kitenge yangu, zaidi ya mara moja. Leo njo anakunyima cheo. Umuambie Sofia ya Kamalondo anamusalimia na anauliza kama pua yake ilikauka.

Chapitre ya banamuke usitoe. Mi sijui ndani iko nini, lakini kama inamukasirisha Faustin, basi iko na chumvi.

Shangazi yako,
Sofia

*

Lubumbashi, tarehe 13 Aprili 1975

Shangazi,

Salamu sana. Sabuni ilifika, moja na nusu. Yaya Aruna anakusalimia. Bati tuliweka sufuria chini yake, sasa tunaita ile sufuria "fundi".

Leo sicheki vizuri. Unajua mwaka huu dunia yote wameutangaza mwaka wa mwanamuke. Citoyen Kunda aliniita mu buro yake. Kwanza aliniomba nimuandikie hotuba juu ya kukombolewa kwa mwanamuke, kurasa ine, na nikimaliza nisaidie kupanga viti. Nikasema sawa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya padri, kama thèse yangu iko nzito sana, heri nitoe chapitre ya tatu. Bazungu kutuonea, ile dunia yote inajua na Chama kinapenda kusikia. Lakini sisi wenyewe kuonea bibi zetu? Ile ulizo, alisema, iliisha kujibiwa.

Nikamuambia haijajibiwa, nimeihesabu.

Njo pale alifungua kabati, akatosha dossier yangu, faili ya karatasi zangu zote. "Citoyenne Yuma Rabia," akasema. "Lakini diploma zako za chini zimeandikwa Mwaba Virginie. Huyu ni nani?" Nikamuambia ginsi ninyi muliniambiaka: masoeur, wale masista wa shule, hawakupokeaka mutoto bila jina ya Kikristo, wakaniita Virginie, na Mwaba ilikuwa jina ya parrain wangu, baba wa ubatizo, njo baba André, ule jirani wetu mwenye alitumika ku relwe. Mu 1972, wakati serikali ilikataza majina ya Kikristo, nilirudi kwa Rabia na furaha. Mukarani wa zone, ofisi ya mutaa, alikuwa muntu wa Kasongo, Mwislamu kama sisi, akaona Rabia ni jina ya bankambo, wazee wetu wa zamani, akapiga tampon.

Kunda akatikisa kichwa. Anataka kadi ya ubatizo. Bila kadi, anasema, diploma si yangu, na kama diploma ya chini si yangu, na ile ya juu inaanguka, na kazi pia. Lakini kama natoa chapitre, dossier inarudi mu kabati na hatutaisikia tena. Défense, siku ya kutetea thèse mbele ya jury ya wapimaji, iko tarehe 26 Julai.

Kadi ile iko wapi, Shangazi? Wewe njo ulinipelekaka kwa masoeur. Naomba uitafute na uniambie nilibatizwa siku gani, juu mi siikumbuki hata kidogo.

Rabia

*

Mokambo, tarehe 11 Mei 1975

Rabia mama,

Niko muzima. Goti linauma upande wa ndani, kisha linahamia upande wa inje. Munganga wa Mufulira alinipa dawa ya manjano. Mbuzi ya jirani alikula kitambaa nilikuwa nimeanika, tukabishana siku mbili, mwishowe tukakula mbuzi. Chola motere ya kamyo yake imekufa, barua hii inapita ku posta, Mungu aisaidie.

Juu ya ile kadi, iko pahali. Ni bintu ya zamani. Usijisumbue kichwa. Kula vizuri.

Nimesikia mvua iliisha huko. Ule fundi wa bati, jina lake nimelikumbuka sasa, lakini alisha kufa.

Sofia

*

Lubumbashi, tarehe 8 Juni 1975

Shangazi,

Sikuuliza goti.

Nilienda ku parokia mi mwenyewe. Père, padri mumoja muzee, alinifungulia kitabu kikubwa. Mwaba Virginie yuko mule. Amezaliwa 1941, amebatizwa akiwa na siku nane. Baba yake André Mwaba, mama yake Léonie. Père akanipa mukono, akasema, "Kumbe njo wewe, Virginie. Umekuwa mukubwa." Nikasema, "Ndiyo, mon père." Nilitoka pale na magoti yangu mi pia yakaanza kuuma, sasa tuko mbili.

Mi mutoto wa Yuma, fundi wa kushona. Baba hakuwa na mukristo mu nyumba hata wa kukodi. Kwa hiyo huyu Virginie haiko mi, na hajawahi kuwa mi. Alikuwa mutoto kweli wa bantu, na mi nilisoma miaka kumi na mbili na jina yake.

Umebakiza wiki saba za kuniambia. Usinitumie sabuni.

R.

*

Mokambo, tarehe 27 Juni 1975

Rabia mutoto wangu,

Nakuandikia polepole. Nimekaa, nimeweka muguu pembeni, soko leo nimefunga.

Mu mwaka wa 1948 masoeur walikuwa wanapokea batoto wenye kubatizwa tu. Sisi Waislamu tulikuwa na madrasa, na baba yako alisema Kurani inatosha kwa mutoto mwanamuke. Mi sikusema hapana. Nilisema nitakupeleka sokoni. André, ule jirani, alikuwa amepata nafasi kwa mutoto wake Virginie, kadi ilikuwa tayari, kila kintu. Juma ile ile bibi yake Léonie alizaa mapacha. André akasema Virginie abakie alee batoto, mwanamuke atasoma nini. Nilisikia kupitia ukuta. Ukuta wa Kamalondo unaujua.

Nilienda kwa Léonie na bikwembe tatu mupya, zile za arusi yangu. Akanipa kadi. Hakunitazama. Akanipa na kibao cha kuandikia, juu alisema masoeur wataomba kibao.

Asubuhi nilikushika mukono. Virginie alikuwa pa lupango, uwanja wa nyumba yao, mapacha mumoja mu mugongo, mumoja mu mikono. Alikuwa na miaka saba, sawa na wewe. Aliona kile kibao mu mukono wako, akakijua. Hakulia. Kama angelia, labda ningemusahau. Ulichora A yako ya kwanza juu ya kibao yake, Rabia, na mi nilijifunza kusoma mu madaftari yako, kwa hiyo hata hii barua ni yake.

Sasa sikia ingine, na ukae chini. Walihama, baba yake akafa, Virginie akaolewa vibaya, bantu wakamuita kwa jina ya bwana yake tu. Mu 1972 majina yalibadilika, na yeye akachukua ya nkambo yake, mama ya mama yake. Mwaka uliofuata nilikuja kukuona ku kampusi, unakumbuka, na viatu vipya vyenye kuniuma. Ulikuwa mu mukutano. Mwanamuke mumoja akaniletea chai pale inje. Nilipoinua macho, tulijuana. Akasema, "Mama Sofia, sukari ngapi?" Hakuna ingine. Nilikunywa ile chai yote, ilikuwa ya moto, na nilikunywa.

Ni Ngosa. Ule wa chai.

Unawaza nilikuja kukaa Mokambo juu ya kapenta? Nilikimbia ile chai.

Kadi iko ndani ya bahasha. Miaka makumi mbili na saba nimeifunga mu kikwembe. Fanya ginsi unaona. Kama unamupa Faustin, Ngosa hatasema, namujua. Kama unatoa ile chapitre, pia sitakulaumu, juu kazi ni yako na maisha ni yako. Lakini nilitaka ujue kama kiti chako kilikuwa na muntu. Nisamehe, kama unaweza. Kama huwezi, andika hata hivyo.

Shangazi yako

*

Lubumbashi, tarehe 6 Julai 1975

Shangazi Sofia,

Nakusalimia. Nakusamehe na nimekasirika, byote mbili viko mu kichwa moja na havigombane sana. Umeze ile dawa ya manjano.

Nilienda kwake Siku ya Posho, njo Jumamosi, kisha kumaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mutaa; nyumba yake iko mu mutaa wa Hewa Bora, nyumba safi kunishinda. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanza, muntu wa sosiolojia, unajua. Nikasahau yote. Nikaweka kadi juu ya meza.

Akaitazama. Akasema, "Ilikuwa ya bluu. Imepauka." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Alijua, Shangazi. Alijua tangu siku ya kwanza nilipofika kampusi. Jina yake njo maneno pekee mama yake alimufundisha kuandika, na aliiona ku diploma yangu siku Kunda aliiacha juu ya meza ya chai. Miaka sita ananiletea kikombe, na ananitazama naandika PV. Nikamuuliza juu ya nini hakusema. Akajibu, "Niseme kwa nani? Kwa ule mwenye sukari tatu?" Ule njo Kunda.

Nikamuambia kila kintu: Kunda, dossier, chapitre. Nikamuambia nitaitoa ile chapitre, tupumue sote. Niliwaza namufanyia muzuri. Alisimama, mwanamuke mufupi vile, akanielekeza kidole. "Kile kiti kilikuwa changu," akasema. "Kama unakikalia ili unyamaze, kirudishe. Toa ile chapitre uone. Mi mwenyewe nitaenda kwa Faustin na hii kadi."

Basi sasa niko kati. Kunda ananitisha juu nisiseme, Ngosa ananitisha juu niseme. Na Ngosa ananiogopesha zaidi.

Kisha akaniuliza mu hesabu yangu tuko banamuke ngapi ku kampusi. Nikasema mbili. Akaanza kuhesabu na vidole: yeye, na wenzake wa kupangusa, na wa jikoni, na wa kufua mapazia. Alifika kumi na mbili. Nilipata haya ya kweli. Miaka ine naandika juu ya bantu wenye kutohesabiwa, na mi sikubahesabu.

Narudilia chapitre ya tatu tangu mwanzo. Uniombee.

Rabia

*

Lubumbashi, tarehe 10 Augusti 1975

Shangazi wangu,

Salamu, na salamu ingine. Yaya Aruna ameacha sigara tangu juzi, tunamungojea arudilie. Chukua kiti.

Défense ilikuwa tarehe 26, ginsi walisema. Sali, ule ukumbi mukubwa, ilijaa. Meza ya mbele: Citoyen Kunda, profesa mumoja kutoka Kinshasa, na Profesa Delvigne, ule Mubelgiji muzee mwenye kuniita "ma petite", kadogo kangu. Nilisoma chapitre zote, ya tatu pia, mwanzo mpaka mwisho. Nilisema: Muzungu alipotuachia kiti, tulikikalia ginsi yeye alikikalia, na tukamutuma mwanamuke kuleta chai ginsi yeye alitutuma. Bantu wa nyuma walicheka. Bantu wa mbele walikohoa.

Kunda akangojea mpaka mwisho. Akafungua dossier polepole na kuuliza mbele ya wote, "Citoyenne, Mwaba Virginie ni nani?"

Nilikuwa na jibu, nakuapia. Lakini Mama Ngosa alikuwa anapita na sinia. Akaiweka chini pa meza yao, akajipanguza mikono. "Mwaba Virginie njo mi," akasema. "Kiti walimupa huyu, na alisoma. Angalia, amesoma muzuri. Citoyen, leo pia sukari tatu?"

Kisha Profesa Delvigne akaanza kucheka, akacheka mpaka akatosha kitambaa. Ule wa Kinshasa akasema jury inapima thèse, haipime ubatizo. Wakatoka, wakarudi: grande distinction, alama ya juu kabisa, na cheo ya chef de travaux iombwe Kinshasa bila kuchelewa. Kunda akasimama, uso kama matofali, akaongeza kwa mudomo kama yeye anaweka sharti: hakuna kintu kitapita kama dossier haijasafishwa. Nilirudi nyumbani nikilia, juu nilijua hiyo sharti ingenifunga miaka ingine sita.

Siku ya pili yake, Kunda akaja ku magazini ya chaki. Unajua aliniuliza nini? "Citoyenne, PV ya jana iko wapi?"

Shangazi, hakuna muntu alikuwa ameandika. Miaka sita naandika mi, na siku ile mi nilikuwa nimesimama mbele, najibu. Walimu banaume kumi na tano mu sali, hata mumoja hakuwaza kushika kalamu. Alitaka niiandike, sawa kila mara, na iwe kwa saa kumi, juu mufuko wa barua za Kinshasa ulikuwa unaenda.

Nikaiandika. Mwandiko muzuri kabisa. Niliandika jury, thèse, grande distinction, cheo. Pale penye kuandikwa "Walikuwapo", niliandika kila muntu, na mwisho: Citoyenne Ngosa, zamani Mwaba Virginie, alisema mbele ya jury. Na maneno yake, bila ile ya sukari. Sikuongeza uongo hata moja. Kunda akatia sinyature, saini yake, akisimama, akibishana na dereva juu ya matairi. Hakusoma. Hajasomaka hata moja miaka hii yote.

Jana jibu ya Kinshasa ilifika. Cheo imekubaliwa. Kopi ya PV imeshikanishwa, na sinyature yake chini. Alikuja anakimbia, karatasi mu mukono, akasema, "Na sharti yangu? Sharti yangu iko wapi?"

Nikamuambia, "Haiko mu PV, Citoyen."

Kisha akaenda. Akasahau kufunga mulango, chaki zote zikapata upepo. Nikakumbuka kumupa salamu yako na ile ulizo ya pua, lakini nikamuhurumia, nikaiacha.

Mangaribi ya leo nimetoka kwa Ngosa. Kadi nimemurudishia, ameifunga mu kona ya kikwembe. Nilienda na maulizo kumi, ya kuongeza mu kitabu chenye kitatoka mu thèse, yeye wa kwanza. Akajibu zote bila kuruka, tofauti na bantu wengine nawajua. Nilipofika ya saba, nikasoma polepole: Nani alikufungulia mulango wa masomo? Akasema, "Andika: hakuna muntu. Mulango njo mi."

Niliandika. Mukono wangu haukuwa na mwandiko muzuri.

Ulizo yako ya saba, Shangazi, ningali naingojea.

Rabia

*

Mokambo, tarehe 24 Augusti 1975

Rabia mama,

Barua yako nimeisoma mara ine, ya mwisho kwa sauti, Chola akisikiliza. Alilia. Nikamutukana, kisha na mi nikalia, tukachelewesha kamyo.

Ulizo ya saba, weka hii: Virginie. Kwa njia ya bikwembe tatu, na ilikuwa kidogo sana.

Umuambie, na umuite kwa jina ile ya kadi, serikali ikitaka ikasirike, kwamba nashuka na Chola wiki yenye kuja. Nitalala Kamalondo chini ya ile bati. Asubuhi nataka nimukute nyumbani kwake, amekaa. Asiwashe moto. Chai nitapika mi.

Sofia